Siyu: mji uliojijengea ngome yake

Boti za abiria zinazotoka Lamu kwenda kisiwa cha Pate hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakipwa sana manahodha hulazimika kusubiri, kwa hivyo saa ya safari hupangwa na bahari. Abiria wengi wa Siyu hushukia Mtangawanda, kisha humalizia safari kwa bodaboda au gari. Ipo njia ya pili, ya zamani zaidi: kuingia kwa dau katika hori lenye mikoko upande wa kaskazini wa kisiwa, hadi mbele ya ngome. Hori hilo hupitika maji yakijaa tu. Yakipwa, hubaki tope.

Mgeni huona tope hilo kuwa usumbufu. Kwa mji wa Siyu lilikuwa ukuta wa kwanza. Meli kubwa ya vita haikuweza kusogea karibu na nyumba; adui alilazimika kushusha askari wake mbali, kisha kuwapitisha kwa miguu katika vichaka na mashamba ambayo wenyeji waliyajua na yeye hakuyajua. Katika karne ya 19 jambo hilo liliwagharimu sana watu waliokuja kuuteka mji huu.

Leo Siyu ni kijiji katika wadi ya Faza, Lamu Mashariki. Watoto wa shule katika kaunti hii husoma habari za Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka wa 2001, na wengi wao hawajapata kufika Pate. Ni hasara, kwa kuwa kisiwa hicho kina magofu yaliyo ya kale kuliko mtaa wowote unaosimama Lamu leo, na kina ngome ambayo historia yake haifanani na ya ngome nyingine kubwa za pwani.

Kabla ya Siyu, Shanga

Historia ya Siyu huanza nje ya Siyu, upande wa kusini wa kisiwa, katika magofu ya Shanga. Kutoka kijijini ni mwendo wa miguu kupitia mashamba na minazi. Mtafiti wa mambo ya kale Mark Horton alichimba hapo kati ya 1980 na 1988, na matokeo ya kazi yake yalibadilisha namna historia ya pwani inavyoandikwa.

Zamani vitabu vingi vilieleza kwamba miji ya Waswahili ilianzishwa na wageni kutoka ng'ambo, waliokuja na dini, mawe na biashara, wenyeji wakapokea. Shanga haikubaliani na maelezo hayo. Chini ya msikiti wake wa Ijumaa, wachimbaji walikuta msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine tena, tabaka kwa tabaka, hadi kufikia vijengo vidogo vya miti vya karne ya 8. Mji ulianza kwa nyumba za miti na udongo, watu wake wakatumia vyungu vya kienyeji kama vilivyotumika sehemu nyingine nyingi za Afrika Mashariki, na Uislamu ukakua ndani yake polepole pamoja na mji wenyewe. Nyumba za mawe zilikuja baadaye, zikajengwa pale pale palipokuwa na nyumba za miti. Zilipatikana pia sarafu ndogo za fedha zenye majina ya Kiislamu.

Shanga ilihamwa mapema katika karne ya 15. Kuta za nyumba, misikiti na mamia ya makaburi ya mawe bado vipo, vingine vimemezwa na mimea. Mapokeo ya kisiwa yanasema baadhi ya watu wake walihamia Siyu, na jina la Washanga limebaki hapo kama jina la ukoo. Kwa hiyo mtu anayevuka kutoka Siyu kwenda kuyaona magofu hayo anafuata, kwa kurudi nyuma, njia waliyopita wazee wa baadhi ya wenyeji wake.

Shanga ina hadithi nyingine inayopendwa na waandishi wa magazeti: kwamba mabaharia Wachina walivunjikiwa na jahazi karibu na Pate, wakaokoka, wakaoa na kukaa. Wapo wanaolifungamanisha jina la Shanga na Shanghai, na wapo wanaowahusisha Wafamau, ukoo mkubwa wa Siyu, na watu waliotoka baharini. Vigae vya kauri ya China vimepatikana kwa kweli katika magofu, Shanga na kwingineko. Lakini kauri ya China ilifika karibu kila mji wa pwani kwa mikono ya wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, na bakuli lililojengewa kwenye kaburi linathibitisha tu kwamba aliyezikwa, au jamaa zake, aliweza kulinunua. Hadithi ni ya wenyeji na wana haki ya kuisimulia. Mwongozaji wa wageni afanye vyema kuitaja kama hadithi.

Mji usiokubali kutawaliwa

Mwaka wa 1606 mtawa Mreno, Gaspar de São Bernardino, alipita katika kisiwa hiki na kuandika kwamba Siyu ndio mji mkubwa kuliko yote kisiwani. Haukupendwa na Wareno kwa muda mrefu. Juu ya lango la Fort Jesus, Mombasa, kuna jiwe lenye maandishi ya nahodha wa ngome hiyo, Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeteuliwa mwaka wa 1635. Katika kujisifu kwake anataja kwamba aliadhibu Pate na Siyu na kubomoa kuta za miji hiyo. Mkazi wa Siyu akizuru Mombasa anaweza kulisimamia jiwe hilo na kulisoma jina la kijiji chake, limeandikwa na mtu aliyekuja kukivunja.

Wareno waliondoka, Siyu ikabaki. Mtihani mkubwa zaidi ulikuja katika karne ya 19. Baada ya vita vya Shela, ambapo watu wa Lamu waliwashinda Pate na washirika wao Wamazrui wa Mombasa, Lamu ilitafuta ulinzi wa Seyyid Said wa Omani. Mji baada ya mji, pwani yote ikaingia chini ya mkono wake. Siyu ilikataa. Kiongozi wake wakati huo alikuwa Bwana Mataka, wa ukoo wa Famau, ambaye jina lake bado linatajwa kijijini kwa heshima.

Kati ya 1843 na 1845 Seyyid Said alipeleka majeshi kisiwani. Yalikuwa na mizinga, merikebu na askari wa kulipwa. Walishuka mbali na mji kwa sababu ya hori, wakasonga kwa miguu, wakavamiwa njiani. Amiri wao mwenyewe, Hamad, mmoja wa makamanda waliosifika sana wa Sultani, aliuawa huko na jeshi likarudi nyuma. Kwa mtawala aliyekuwa ameihamishia makao yake Zanzibar na kuogopwa kutoka Mogadishu hadi kusini, kushindwa na mji mmoja wa kisiwani ilikuwa aibu isiyosahaulika upesi.

Siyu haikushindwa wakati wa uhai wa Seyyid Said, aliyefariki 1856. Ilikuja kushindwa mwaka wa 1863 na mwanawe, Seyyid Majid, akiwa na nguvu kubwa zaidi na mji wenyewe ukiwa na migawanyiko ya ndani. Muhammad, mwana wa Bwana Mataka, aliishia kufungwa Fort Jesus, akafia humo.

Ngome na mtu aliyeijenga

Ngome ya Siyu imesimama ukingoni mwa hori, uso wake ukielekea maji. Ni jengo la mawe ya matumbawe, lina kuta ndefu zenye meno juu, na mizinga ya zamani. Ukilinganisha na Fort Jesus ni ndogo. Umuhimu wake hauko katika ukubwa.

Fort Jesus ilijengwa na Wareno. Ngome ya Lamu ilikamilishwa kwa msaada wa Waomani. Kuhusu Siyu, maelezo ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya ni kwamba ngome ilijengwa na watu wa Siyu wenyewe, ili kujikinga na Waomani. Wapo waandishi wengine wanaoihesabu kuwa kazi ya Omani, na ni kweli kwamba mji uliposhindwa ngome iliingia mikononi mwa Sultani. Hata hivyo simulizi za kijijini zinaungana na za Makumbusho, na kwa mtu anayefahamu jinsi mji huu ulivyopigana miaka ile, maelezo hayo ndiyo yanayoingia akilini. Mafundi hawakukosekana. Siyu ilikuwa na waashi, wachongaji na wafua vyuma kuliko mji wowote wa visiwani.

Ngome imefanyiwa ukarabati, na kila ukarabati wa jengo kama hili huanza na swali la chokaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu na hunyonya maji ya chumvi. Chokaa ya kienyeji, iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, huruhusu unyevu kutoka nje. Saruji huuziba. Ukuta uliopigwa lipu ya saruji huonekana imara mwaka wa kwanza na wa pili, kisha chumvi iliyofungiwa ndani huanza kulila jiwe, na lipu hubanduka pamoja na uso wa ukuta. Mwenye nyumba ya kale mjini Siyu, Pate au Lamu anayetaka kuziba ufa kwa mfuko mmoja wa saruji anafaa kujua hilo kabla ya kuununua.

Dari nazo zina kanuni yake. Vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba, na sababu yake ni boriti. Mti wa mkoko hubeba uzito wa dari ya mawe na chokaa kwa upana wa karibu mita 3, si zaidi, kwa hiyo fundi alipima chumba kwa mti. Boriti ikioza lazima ibadilishwe kwa boriti, na leo ukataji wa mikoko unahitaji kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya. Anayepanga kukarabati aanze na kibali hicho mapema.

Kalamu, ngozi na mbao

Mji ambao umepigana hivyo ungeweza kukumbukwa kwa vita peke yake. Lakini katika karne za 18 na 19 sifa ya Siyu pwani ilikuwa ya elimu na kazi za mikono. Wanafunzi walikuja kusoma kwa wanazuoni wake. Waandishi wake walinakili Kurani kwa mkono na kuzipamba kurasa kwa rangi nyekundu, nyeusi na manjano, kwa mtindo ambao wataalamu wa hati leo wanautambua kwa jina la mji huu. Karatasi ililetwa kutoka ng'ambo. Wino, mapambo na jalada la ngozi vilikuwa kazi ya hapa.

Ngozi iliyofanya majalada ilifanya pia viatu, mikanda na ala za visu. Wachongaji walifanya milango, viti na vitanda. Wafumaji walikuwapo, na wafua panga. James de Vere Allen, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Lamu, aliandika makala ya historia ya Siyu ya karne hizo mbili, na kwa kiasi kikubwa ni kwa kazi yake kwamba vitabu vya leo vinaitambua Siyu kama mji wa mafundi. Viatu vya ngozi vya Siyu bado vinashonwa, ingawa wanaoshona wamepungua.

Mke wa Bwana Mataka alikuwa Mwana Kupona binti Mshamu, aliyezaliwa kisiwani Pate. Mwaka wa 1858, akiwa mjane na mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa mawaidha ambao unasomwa hadi leo katika shule na vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania. Wanaousoma hawajui kila mara kwamba nyumba iliyoko nyuma ya utendi huo ni nyumba ya kiongozi wa Siyu, mji uliokuwa umemaliza miaka mingi vitani. Mtu akiusoma huku akilijua hilo, wasiwasi wa mama kuhusu mustakabali wa mtoto wake huwa na uzito mwingine.

Si kila kitu katika utajiri huo kilikuwa cha kujivunia. Mashamba ya Siyu, Pate na Lamu yaliyokuwa bara yalilimwa kwa nguvu za watumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka wa 1907 mashamba mengi yalianguka, na biashara nayo ilikuwa tayari imeelekea Mombasa, ambako reli ilianza kujengwa 1896. Siyu ilikuwa imekwisha kupoteza uhuru wake. Sasa ikapoteza soko. Familia zilihama, nyumba za mawe zikabaki bila watu, na makuti yakachukua mahali pa dari za chokaa.

Kilichobaki, na nani anakitunza

Anayetembea Siyu leo huona ngome, misikiti, magofu ya nyumba za mawe katikati ya nyumba zinazokaliwa, na nje ya mji makaburi ya kale, mojawapo likiwa la kubba. Atasikia Kisiu, lahaja inayotofautiana na Kiamu cha Lamu na Kitikuu cha Faza, ingawa miji hii iko karibu. Lahaja nayo ni alama ya mahali, na haihitaji mwashi. Inahitaji wazee wanaozungumza na wajukuu.

Wakazi huuliza mara nyingi nani ana jukumu la majengo haya. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka minara na majengo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa chini ya serikali ya kitaifa, na makumbusho ya kaunti pamoja na shughuli za utamaduni chini ya kaunti. Ngome ya Siyu na magofu ya Shanga yanasimamiwa na Makumbusho ya Taifa, kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka wa 2006. Ni kosa kubomoa, kuchimba au kubeba mawe kutoka mahali palipotangazwa kuwa turathi, hata kama hakuna ua wala mlinzi. Jambo hili husemwa waziwazi hapa kwa sababu jiwe lililokwisha kuchongwa ni kishawishi kwa anayejenga jiko au choo, na ukuta wa Shanga uliotolewa mawe ishirini hauwezi kuwaambia wachimbaji wa kesho mlango ulikuwa wapi.

Sheria hiyo hiyo inahusu vitu vidogo. Kifaa kilichotengenezwa Kenya au kuletwa nchini kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa kitu cha kale, na hakiruhusiwi kutolewa nje ya nchi bila kibali. Anayekuta sarafu, chungu au kaburi akilima au akichimba msingi anatakiwa kukiacha kilipo na kutoa taarifa Makumbusho ya Lamu au kwa chifu. Sarafu iliyong'olewa ardhini na kuletwa mfukoni imekwisha kupoteza nusu ya habari zake, kwa kuwa mtaalamu hutambua umri wa kitu kwa tabaka la udongo lililokizunguka.

Hati ndizo zilizo hatarini zaidi. Kurani, vitabu vya fiqhi, tenzi na hati za mirathi zimo katika makasha ya familia, na maadui zake ni mchwa, unyevu na mnunuzi mwenye fedha mkononi. Kurani za Siyu zimekwisha kuvuka bahari, na zilizoondoka hazirudi. Familia isiyotaka kutengana na kitabu chake hailazimiki. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha kurasa kwa kurasa chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na hati zenyewe zikabaki kwa wenyewe. Kwa wakati huu, mwenye kitabu cha kale akiweke mbali na sakafu na ukuta wenye unyevu, akifunge kwa kitambaa safi cha pamba na si mfuko wa plastiki, na asikitie gundi wala utepe wa kunata hata kikiwa kimechanika.

Kwa anayetaka kuzuru, Makumbusho ya Lamu hutoa maelezo kabla ya safari. Ratiba ya boti iulizwe siku moja kabla, hasa siku za maji mafu, ambapo njia za ndani huwa na maji haba. Shanga ina jua kali na kivuli kidogo, na maji ya kunywa yabebwe kutoka kijijini, ambako visima ni vya kugawana na msimu wa kiangazi si vema kumwomba mwenyeji ndoo nzima. Misikiti inatumika, mgeni aombe idhini, avue viatu na avae mavazi ya stara. Mwongozaji atafutwe Siyu kwenyewe, maana njia ya kwenda Shanga haina vibao.